Nyama ya Arubaini

Shemeji yangu Mwinyimvua ni Mmatumbi anayefuga ng'ombe, na hapa Ruaruke hilo peke yake lilitupa maneno ya barazani kwa miaka. Wenzake wanalima ufuta na kupalilia mikorosho, yeye anashinda porini nyuma ya mikia. Alianza na ndama wawili aliowanunua kwa Wasukuma waliohamia bondeni. Leo zizi limejaa, na wale wale waliomcheka ndio wanaotuma watoto na vikombe kuomba maziwa.

Kilichowachekesha watu zaidi ni namna anavyogawa. Kila ng'ombe pale ana mtu wake. Kuna wa mkewe Sikudhani, binti wa mama yangu mkubwa. Kuna wa kila mtoto, wa kila shangazi, na hata mimi Biasha, muuza vitumbua, nina mtamba wangu mwenye pembe iliyopinda. Siku moja nilimuuliza kama naweza kumuuza ninunue jokofu. Akanitazama kama nimetukana. "Shemeji, huyo si wako wa kumuuza. Ni wako wa kuja kumjulia hali."

Ndivyo alivyo. Nyumba yake haijawahi kulala bila mgeni, na akikuta sahani zinatosha watu waliopo basi ananuna, anasema mmepika kidogo.

Muzdalifa, binti yake mkubwa, aliwekewa ng'ombe mwekundu mwenye baka jeupe usoni. Muzdalifa akaolewa Kiongoroni, ndani kabisa ya delta, karibu na bahari, kwa watu wa samaki na mikoko. Siku ya posa mama mkwe wake, Bi Ashura, alisema mbele yetu sote kwamba nyumba yake haijawahi kunuka samadi. Alisema huku anacheka na sisi tukacheka, lakini mwenzangu, lile neno Mwinyimvua alilimeza na halikushuka.

Kwa hiyo Muzdalifa alipojifungua mtoto wa kiume, shemeji alituma salamu kuvuka mito yote ile: nyama ya arubaini inatoka kwake. Atachinjwa yule mwekundu. Sikudhani, mashangazi na watoto wakatangulia Kiongoroni kusaidia kuchambua mchele na kumenya vitunguu. Nikabaki mimi na yeye, tuje na boti ya baadaye nyuma ya nyama.

Asubuhi ya shughuli nilifika zizini kumepambazuka tu. Nikakuta ng'ombe keshachinjwa, keshachunwa, yeye na mtu wa bodaboda wanapanga nyama kwenye ndoo.

"Shemeji, ndiyo nini hii? Hata watu hukuwaita?"

"Maji hayangoji watu, Biasha."

Kweli, boti ya nyama ilikuwa iondoke Nyamisati na maji ya asubuhi. Lakini yule si Mwinyimvua ninayemjua. Mwinyimvua hachinji hata kuku bila hadithi ndefu na kuita majirani. Leo alikata kimya, ameinamisha uso, na chini pale mchangani damu ilikuwa imetuama kama oili chafu ya gari. Nikaona, nikapita. Akanipa utumbo niwapikie majirani, bodaboda akaondoka na ndoo zake, nami nikajikalia uani kwangu kuosha utumbo huku naimba. Kidole gumba changu kilikuwa na jeraha la mbuzi ya nazi. Nakumbuka chumvi iliniuma.

Jua lilipopanda nikavaa, nikajipaka hina kidogo ya haraka, nikaacha sufuria motoni jirani ailinde, nikamfuata tuondoke. Nilimkuta amesimama zizini na kanzu yake mpya, mikono inaning'inia. Mbele yake alikuwa amelala ng'ombe wa pili, dume la shangazi yake, tumbo limevimba, na puani damu inachuruzika. Asubuhi nilipopita dume lile lilikuwa linakula majani.

"Nimemwita Nasibu," alisema. Hakunigeukia.

Nasibu ni bwana mifugo wetu, kijana mpole, akikusalimia unajisikia umezeeka vizuri. Siku hiyo hakusalimia. Aliegesha pikipiki mbali, akasimama nje ya uzio, akatwambia tutoke pale tulipo, na tusimguse yule ng'ombe hata kwa fimbo.

"Huyu ni wa kwanza, mzee?"

Nikajibu mimi, maana mdomo wangu haukai. "Wa kwanza. Yule wa asubuhi kachinjwa mzima, nyama ya arubaini ile."

Mwinyimvua alishika kifungo cha kanzu yake. Nasibu akamtazama, nami nikamtazama.

"Alikuwa amelala," shemeji akasema. "Nilipokuja na taa alikuwa amelala, anahema vibaya. Alikuwa wa kuchinjwa leo leo, bwana Nasibu. Nikaona nimuwahi kabla hajawa kibudu. Dakika ile ile nikachukua kisu."

"Damu ilitoka vipi?"

"Polepole."

"Rangi?"

"Nyeusi."

"Iliganda?"

Akatikisa kichwa. Mimi ndiye niliyeiona imetuama mchangani, maji maji, haijaganda.

Nasibu alivua kofia akaishika kifuani. "Kimeta, mzee. Sitaki kusema ndiyo mpaka tupime, lakini msingoje nipime. Nyama hiyo isiliwe. Aliyeishika anawe sana na aende hospitali. Iko wapi?"

"Kiongoroni," alisema Mwinyimvua. "Yote iko Kiongoroni. Na mke wangu yuko huko, na watoto wangu wote wako huko."

Nilikimbia. Sijakimbia hivyo tangu nikiwa msichana. Sufuria ilikuwa inachemka na watoto wa majirani wameshakaa na visahani, wananiimbia shangazi Biasha, shangazi Biasha. Hakuna aliyekuwa ameonja. Nikaipiga teke sufuria ikamwagika motoni, watoto wakalia, mama zao wakatoka kunishangaa, na mimi sikuwa na la kuwaambia zaidi ya "msiguse, msiguse." Nasibu alikuja nyuma yangu na jembe. Ndipo nilipokumbuka kidole changu. Nikakitazama. Kilikuwa kidole tu, chekundu kidogo pembeni. Nikanawa kwa sabuni ya mche mpaka hina ikafifia, na bado nilihisi kama kuna kitu kinatembea chini ya ngozi.

Nasibu alitupakia mimi na shemeji pikipiki yake mpaka Nyamisati, yeye arudi kulinda zizi, na njiani kote tulipiga simu. Kiongoroni mtandao unashika mahali pamoja, nyuma ya duka la Aly, na watu wanatundika simu zao pale kwenye misumari kama nguo. Siku ya kawaida ikiita, mtu yeyote anayepita anapokea. Siku hiyo ziliita zote, ya Sikudhani, ya mkwe, ya Aly mwenyewe, zikaita mpaka zikakata. Nilijua maana yake. Duka limefungwa, watu wote wako kwenye shughuli.

Pale Nyamisati alikuwepo Mudy na boti yake ya faiba. Mudy ni mtani wetu, na alipotuona tu akaanza. "Mmatumbi leo kavaa kanzu nyeupe. Kwani ng'ombe kafa?"

Mwinyimvua alipanda botini. Mudy akanitazama mimi, nikatazama pembeni.

"Twende," alisema shemeji. "Pita njia ya mkato."

"Maji yanatoka, mzee. Mkondo ule sasa hivi ni tope tupu, tutakaa."

"Pita."

Akapita. Mikoko ikatufunga kushoto na kulia, mizizi imesimama juu ya tope kama vidole, na kila tulipokata kona niliona maji yamepungua kuliko kona iliyopita. Mwinyimvua alikaa mbele, ameshika ukingo kwa mikono miwili. Nikamsogelea, nikamnong'oneza, maana nilishaona tatizo la pili linatungoja nyuma ya lile la kwanza.

"Shemeji, utawaambia nini?"

"Ukweli."

"Utawaambia umewatumia wakwe zako ng'ombe aliyelala? Kwenye arubaini? Bi Ashura atamrudisha Muzdalifa kwa boti hii hii. Atasema umewalisha kibudu makusudi."

Alikaza mikono kwenye ukingo. Shavu lake lilikuwa linacheza.

"Sema petroli," nikamwambia. "Nyama ilikaa na madumu ya petroli kwenye boti, dumu likamwagikia kwenye ndoo. Mtu wa boti kakupigia simu. Watamwaga nyama, hakuna atakayeuliza, na heshima yako iko palepale."

"Petroli," alisema, kama anaonja neno.

Hapo boti ikakwangua chini, ikatulia. Mudy akazima mashine. Kimya kikatuangukia, na ndani ya kimya kile tukasikia kipaza sauti. Kinatoka mbali, nyuma ya mikoko, lakini juu ya maji sauti haina kizuizi. Walikuwa wanasoma maulidi Kiongoroni.

Mimi ni mtu wa shughuli, hakuna maulidi wilaya hii yanayosomwa bila mimi. Nilijua tuko wapi. Ilikuwa kasida ya kati. Ikiisha watu watasimama, watamsalia Mtume wakiwa wamesimama, watakaa, itasomwa dua. Na baada ya dua ni masinia.

Mwinyimvua alijua pia. Alishuka na kanzu yake, tope likammeza mpaka mapajani, akaanza kusukuma.

"Mzee, panda," alisema Mudy. "Huku kuna mamba. Tusubiri maji yarudi, wali hautaisha."

"Nyama ina kimeta," shemeji alisema. Alisema kwa sauti ya kawaida kabisa, bega lake likisukuma boti, hata hakuinua uso. "Ng'ombe wangu. Wanangu wako kule wanasubiri kula."

Mudy hakutania tena siku ile. Akashuka upande wa pili. Nikashuka na mimi, gauni jipya na yote, mkono wenye kidonda nimeuinua juu nisiuchovye. Tulisukuma, boti ikasogea kidogo, ikakwama, ikasogea. Tope lile linavuta mguu kama mtu. Kila kitu kilichogusa mguu wangu nilidhani ni mamba, na kila nilipotaka kupiga kelele nilisikia kile kipaza sauti na nikafunga mdomo.

Wakasimama. Tulisikia sauti zimepanda, wanaume kwa wanawake, na dufu chini yake. Siku nyingine mahali hapo machozi hunitoka kwa utamu. Siku hiyo nilisali wasikae. Nilisali imamu asahau, arudie tena mwanzo.

Wakakaa. Ikaanza dua.

"Sukuma," Mwinyimvua alikuwa anasema, si kwetu, anajisemea. "Sukuma, sukuma." Mdomo wake ulikuwa mweupe. Katikati ya ile sukuma sukuma nikasikia anaita majina ya wanawe, mmoja mmoja, kuanzia Muzdalifa mpaka yule kitinda mimba, halafu anaanza upya.

Boti ikaingia maji ya kina kwa ghafla nusura ituache. Mudy akawasha, na tulikuwa bado tunapanda tukiwa tumelala kifudifudi tuliposikia "Amin" ya mwisho, kisha kipaza sauti kikazimwa, kho.

Pale Kiongoroni hatukufunga hata kamba. Uwanja wa Bi Ashura ulikuwa umejaa, wanaume kwenye mikeka upande huu, wanawake upande wa jikoni, harufu ya pilau imetanda. Masinia yalishatoka. Watu walikuwa wananawa. Mzee mmoja alikuwa ameshakunja mkono wa kanzu.

Mwinyimvua aliingia katikati ya mikeka na tope mpaka kifuani.

"Jamani, msile."

Wakamgeukia. Bi Ashura akatoka jikoni anafuta mikono, mwanamke mnene, mzuri, amevaa khanga mpya. Akamtazama kutoka juu mpaka chini.

"Mkwe, karibu. Umekuja kuogelea au umekuja arubaini?"

Watu wakacheka. Nikaona shemeji ananitupia jicho, na nikajua ataanza na lile neno langu.

"Nyama ina petroli, mkwe. Dumu lilimwagika botini. Itawadhuru."

"Petroli?" Bi Ashura akageukia wageni. "Mmesikia? Mkwe wangu anaogopa petroli." Kicheko kikaenea mikeka yote. "Baba, sisi mchele wetu unakuja na petroli, sukari inakuja na petroli, hata maji ya kunywa yanapanda boti moja na madumu. Tungekuwa wa kufa tungeshakwisha. Nami nimeonja mchuzi kwa mkono wangu, hauna harufu yoyote. Kaa ule, kisha uoneshwe mjukuu wako."

Na yule mzee, bado anacheka, akapeleka mkono kwenye sinia.

Mwinyimvua alilipiga lile sinia kwa mguu. Wali ukaruka, nyama zikatawanyika kwenye mkeka, na kicheko kikakatika kote. Kwa watu wa kwetu, kupiga chakula teke kwenye maulidi ni bora umpige mtu.

"Hakuna petroli," alisema. Sauti ilimtoka nyembamba. "Nimesema uongo. Nilimchinja ng'ombe aliyelala. Alikuwa mgonjwa, nikaona damu yake ni mbaya, nikawatumia. Mwenzake amekufa nyuma yake. Bwana mifugo anasema kimeta, na kimeta kinaua mtu."

Hakuna aliyeinuka. Mtoto mmoja alianza kulia na mama yake akamziba mdomo. Bi Ashura alisogea karibu, taratibu.

"Ulipomchinja, alirusha mguu tujue alikuwa bado hai?"

"Sijui, mkwe. Nilitaka sana arushe. Nikaona kama amerusha."

Mimi nilikuwa nimeshamwona Muzdalifa mlangoni, mtoto kifuani, macho yamemtoka, na nilikuwa namngojea Bi Ashura amwambie binti yule afungashe. Badala yake Bi Ashura aligeuka, akaenda jikoni mwenyewe, akashika sufuria kubwa ya mchuzi kwa khanga yake mpya, akaanza kuiburuta kuelekea nyuma ya nyumba.

"Leteni majembe," alisema. "Na nani ameonja? Mimi nimeonja. Nani mwingine?"

Sikudhani akainua mkono. Mke wa Mwinyimvua, dada yangu. Alikuwa ameonja chumvi, na alikata nyama tangu asubuhi kwa mikono yake. Shemeji alipouona ule mkono umeinuka alikaa chini pale pale kwenye wali.

Waliogusa nyama walijaza boti ya Mudy, tuliokuwa na vidonda tukakaa mbele. Sikudhani na Bi Ashura walikaa magoti kwa magoti, wanaogopa sawasawa, wameshikana vidole. Kabla hatujaondoka Muzdalifa alishuka mpaka majini na mtoto.

"Baba, mshike hata kidogo. Hujamwona."

Mwinyimvua alirudi nyuma hatua mbili. Akaweka mikono yake mgongoni, akaifumbata huko, akanyoosha shingo amtazame mjukuu kwa mbali kama mtu anayechungulia kisima.

"Ni mzuri," alisema. "Mpeleke ndani, mama. Mpeleke ndani."

Hospitali walitupa dawa sote, hata mtu wa bodaboda. Kidole changu kilivimba, kikafanya kidonda cheusi katikati ambacho hakikuuma, na huko kutouma ndiko kulikonitisha zaidi ya maumivu. Kikapona, kikaacha kovu ambalo siku hizi nawaonesha wateja wa vitumbua wakitaka na wasipotaka. Bi Ashura alitapika kwa hofu, si kwa ugonjwa. Sikudhani hakuumwa kitu, lakini anasema kwa wiki nzima kila akifumbua macho alimkuta mumewe ameegemea kiwiko, anasikiliza kama anahema.

Ng'ombe waliobaki wakachanjwa. Dume la shangazi lilichomwa, likafukiwa na chokaa, na Nasibu akaziba mahali pale kwa miiba.

Bi Ashura alikuja Ruaruke mwenyewe, na Muzdalifa na mtoto, na kapu la kamba wabichi. Nyumba ikajaa, tukapika kwa masufuria ya kuazima. Aliingia zizini amekunja pua, akasema, "Kumbe samadi yenyewe si mbaya kama nilivyosema," na tukacheka mpaka tukakaa chini. Akamchukua mjukuu akamwekea Mwinyimvua mikononi bila kumuuliza. Shemeji alikuwa amenawa tangu asubuhi, ngozi ya viganja inatoka, na bado alivuta mikono ya kanzu ikafunika vidole kabla hajampokea.

Alimshika hivyo, amesimama katikati ya kelele zote zile, anatabasamu. Halafu nikaona tabasamu limegota. Nikafuata macho yake. Uzioni kulikuwa na mtamba wangu, yule wa pembe iliyopinda, amejilaza kivulini anacheua kama ng'ombe yeyote aliyeshiba mchana.

Akamrudishia Bi Ashura mtoto. Akaenda mpaka pale, akamwinamia yule ng'ombe, akampiga piga ubavuni.

"Simama," akamwambia. "Simama, mama. Simama nikuone."

Mtamba akainuka kwa uvivu, akamtazama. Mwinyimvua akarudi kwa wageni. Hatujamaliza kupakua, alikuwa ameshakwenda tena.